Nauli Inajadiliwa, Hesabu ya Tajiri Haijadiliwi: Kisa cha Safari Moja ya Riksho Dhaka

Mimi na mwendesha riksho tulianza kubishana nikiwa bado kitini, na tulipofika Nilkhet, mtaa wa Dhaka, watu walikuwa wameshatuzunguka. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa taka 20. Taka ndiyo fedha ya Bangladesh, na kwa siku ile 20 zilitosha chai na ndizi tu. Nimekirudia kisa hiki kichwani mara nyingi kuliko thamani ya hela iliyogombewa, kwa sababu ndani yake nilikuja kuona jinsi nauli ya riksho, baiskeli ya magurudumu matatu ya kubebea abiria, inavyopangwa, na nani hasa anayebeba mzigo wake.

Ilikuwa Julai 2022, msimu wa mvua umepamba moto. Nilikuwa mwanafunzi, naishi mtaa wa Mohammadpur, na asubuhi hiyo nilitaka kufika Nilkhet, mtaa wa vitabu vilivyotumika na mashine za fotokopi. Mwendesha riksho wa kwanza niliyemwuliza alitikisa kichwa tu, hakutaka hata kusikia bei. Wa pili alitaja taka 120 huku akitazama pembeni. Wa tatu alikuwa mtu wa makamo, mwembamba, lungi, nguo ya kiunoni kama kikoi, imekunjwa juu ya magoti na taulo shingoni. Nilimwita kama kila mtu anavyowaita Dhaka: “mama”. Kwa Kibangla neno hilo maana yake ni mjomba, kaka wa mama yako, naye mwendesha riksho hukuita hivyo hivyo bila kujali nani mkubwa. “Mjomba, unaenda Nilkhet?” Akasema 100. Nikasema 70. Akaangalia mawingu, akaangalia begi langu, akasema 80, panda.

Njia fupi ingekuwa Mirpur Road, barabara kuu inayonyooka kuelekea kusini mpaka New Market na Nilkhet. Lakini kuanzia Julai 7, 2019, mamlaka za jiji zilipiga marufuku riksho katika barabara hiyo, kutoka Gabtoli hadi Azimpur, pamoja na njia nyingine mbili kubwa, zikisema riksho ndizo zinazoleta foleni. Siku zilizofuata waendesha riksho walizifunga barabara kwa maandamano, kisha wakarudi kazini maana siku bila kukanyaga pedeli ni siku bila kula. Marufuku haikushika sawasawa kila mahali wala kila saa, ila mtu mwenye akili zake hakwenda kujipima na askari. Kwa hiyo sisi tukashika Satmasjid Road hadi Jigatola, tupenye vichochoro vya upande wa Pilkhana.

Mvua ilitukuta njiani. Alisimama, akaning'inizia turubai la nailoni mbele ya miguu, akapandisha kofia ya riksho kunifunika. Yeye hakujifunika na kitu. Kufika Jigatola barabara ilikuwa imegeuka mto. Maji ya mtaro, meusi, yalimfika magotini. Pedeli hazikukanyagika tena, basi akashuka, akashika usukani kwa mkono mmoja na fremu ya kiti kwa mkono wa pili, akaanza kuivuta ile riksho na mimi juu yake. Gurudumu la kushoto lilizama kwenye shimo ambalo hakuna aliyeliona, nikaona shingo yake ikikaza mishipa. Nilimwambia nishuke. Alikataa, akasema nikishuka nitakanyaga vioo. Tulikwenda hivyo kwa muda mrefu. Kwenye nchi kavu akapanda tena, na bila kugeuka akasema, “Mjomba, utanipa 100.”

Nikasema tulipatana 80.

Hapo ndipo ubishi ulipoanzia, na hapo ndipo naona kisa chenyewe kilipo. Mimi nilisimamia neno, yeye alisimamia kazi. Dhaka ugomvi wa nauli haubaki wa watu wawili. Kila apitaye ana haki ya kuuliza kuna nini na kutoa hukumu. Muuza chai wa pale Nilkhet alitusikiliza wote wawili, kisha akaniuliza swali moja: “Mlipopatana, yale maji yalikuwepo?” Nikasema hayakuwepo. “Basi bei yenu ilikuwa ya barabara kavu.” Mzee mmoja akapendekeza tugawane, nimpe kumi. Nikampa 20 zote, si kwa huruma bali kwa sababu hoja ya muuza chai sikuweza kuijibu.

Tuliketi wote kwenye benchi la yule muuza chai tukingoja mvua ipungue, na kwa Kibangla changu cha kuungaunga nikamwomba anihesabie siku yake. Hakuona haya. Kwa wao hesabu hiyo iko midomoni muda wote.

Riksho haikuwa yake. Ilikuwa ya mwenye gereji, ambaye wao humwita mohajon. Kila anayeichukua humlipa kiasi maalumu kinachoitwa *jama*, na msomaji wa Kiswahili anakifahamu kwa jina jingine: hesabu ya tajiri. Zamu yake ilikuwa ya asubuhi, saa kumi na mbili hadi saa nane mchana, kwa taka 70. Mpaka saa tano ile alikuwa amekusanya taka 310, pamoja na 100 zangu. Toa 70 za jama. Toa 40 za chapati na mboga alizokula asubuhi, 20 za kuziba pancha, 20 za chai na ndizi. Zinabaki 160.

Chukua sasa zile taka 20 zetu. Kwangu zilikuwa nyongeza ya robo ya nauli. Kwake zilikuwa tofauti kati ya kubaki na 140 na kubaki na 160, maana gharama zake hazikubadilika hata senti. Kilichoongezwa kiliingia mfukoni kizima. Na kinyume chake ni kikali zaidi. Tuseme mapato yake ya asubuhi ile yangepungua kwa robo tu, kwa sababu ya askari, homa, au barabara iliyofungwa. Zile 310 zingekuwa kama 232. Gharama bado ni 150. Anabaki na 82. Robo ya mapato imeondoka na nusu ya alichopata imeondoka nayo. Mwenye gereji, kwa upande wake, yuko pale pale kwenye 70.

Hili ndilo ninalotaka lieleweke kuliko yote. Watu wakizungumzia nauli ya riksho huzungumzia abiria na mwendeshaji, kana kwamba bei inazaliwa baina ya wawili hao. Lakini kwenye yale mapatano ya dakika moja kuna mtu wa tatu asiyeonekana, na sehemu yake imeshakatwa kabla gurudumu halijazunguka. Mwendeshaji anapokataa 70 na kushikilia 80 si kwamba anakukadiria wewe. Anakadiria saa zilizobaki kabla hajairudisha riksho.

Ndiyo maana umbali peke yake hauelezi bei. Kuna nauli ya kawaida ya kila njia, ambayo wakazi wanaijua bila kuandikwa popote, nao huiita *nyajjo bhara*, nauli ya haki. Mwenyeji wa mtaa mara nyingi hapandi kwa kuuliza. Anapanda, anataja mahali, anashuka, anatoa kiasi kinachojulikana, mambo yameisha. Anayeuliza bei ameshakiri kwamba haijui, na kuanzia hapo bei inapanda ngazi. Nilijifunza hilo miezi ya mwanzo, kwa kulipa.

Juu ya nauli hiyo ya kawaida huongezwa mambo ambayo mgeni hayaoni. La kwanza, je, huko uendako kuna abiria wa kurudi naye? Kituo cha treni ya umeme, shule inayotoka mchana, soko: huko mtu anakwenda kwa bei ya chini. Mtaa wa mwisho wenye kichochoro kisicho na watu, atataka nauli ya kwenda na nusu ya kurudi, au atatikisa kichwa kama yule wa kwanza alivyonifanyia. Wengi huchukulia kukataa huko kama kiburi. Ni hesabu. La pili, mwinuko wa daraja, uzito wa mizigo, watu watatu waliobanana kwenye kiti cha wawili. La tatu, saa: jioni ofisi zinapofungwa, usiku wa manane, siku ya mgomo wa mabasi, siku za kuelekea Idi. Na jua, kwa sababu Aprili ya Dhaka ni tanuri. Aprili 2024 joto lilifikia mahali serikali ikafunga shule nchini, wakati waendesha riksho walikuwa barabarani kama kawaida.

Kisha kuna ile mbinu ambayo kwa miaka sikujua niipende au niiogope. Unauliza ngapi, naye anajibu: “Utatoa utakachoona ni haki.” Jibu hilo linahamisha mzigo wote kwenye dhamiri yako. Ukitoa kidogo umejishusha mwenyewe mbele ya mtu anayetoka jasho, na yeye anajua kwamba wengi wetu tutaongeza kumi ili tuondoke na amani.

Je, si afadhali bei iandikwe tu ibandikwe ukutani? Mahali pengine imefanyika. Baada ya shambulio la Julai 2016 katika mkahawa mmoja wa Gulshan, riksho za mtaa huo na mitaa ya jirani kama Banani na Baridhara ziliwekewa utaratibu maalumu: idadi iliyohesabiwa, waendeshaji wenye fulana za namba, na orodha ya nauli. Abiria wa huko hawakuhitaji tena kubishana. Lakini tazama kilicholipia utulivu huo: idadi. Bei iliwezekana kushikwa kwa sababu mlango ulifungwa na waendeshaji wengine wakabaki nje. Kibali kikiwa haba, thamani yake humwendea anayekishika, na mara chache huyo ndiye anayekanyaga pedeli. Nauli ikipangwa bila jama kuguswa, mwendeshaji amefungwa juu na chini.

Jambo hili la vibali lina historia ndefu. Jiji liliacha kutoa leseni mpya za riksho katikati ya miaka ya 1980, wakati zilizokuwepo zilikuwa kama 80,000. Riksho hazikuacha kuongezeka. Makadirio ya sasa yanaanzia laki kadhaa hadi zaidi ya milioni moja, na pengo hilo likajazwa na vyama vinavyogawa vibao vya namba bila kuwa na mamlaka ya kuvitoa. Mwaka 2020 halmashauri ya kusini ya jiji ilianza tena kupokea maombi, baada ya zaidi ya miaka thelathini. Katika miaka hiyo yote mwendesha riksho wa kawaida alifanya kazi ya halali kwenye chombo kisicho na karatasi halali, na mtu wa namna hiyo hana pa kudai chochote. Riksho ikikamatwa, anayepoteza zamu ni yeye.

Nikamwuliza anakotoka. Kurigram, kaskazini, mito inakokula ardhi. Huko kuna kipindi cha njaa kinachoitwa *monga*, kati ya Septemba na Novemba, mpunga ukiwa shambani haujakomaa na vibarua hawana kazi. Alikuja Dhaka mara ya kwanza wakati wa monga, akiwa kijana, akalala juu ya sakafu ya mianzi iliyojengwa darini mwa gereji, na hapo hapo bado alikuwa analala. Wenzake thelathini na kitu, chungu kimoja, mpishi mmoja wanayemlipa kwa siku. Mke na watoto wamebaki kijijini. Kila wiki hutuma pesa kwa simu, huduma ambayo imeenea nchini tangu kampuni ya bKash ilipoanza mwaka 2011, na sehemu ya pesa hizo huenda moja kwa moja kwenye marejesho ya mkopo mdogo aliochukua mkewe. Wakati wa kuvuna mpunga wa boro, Aprili na Mei, hurudi kwao kuvuna. Wengi hufanya hivyo, na riksho hupungua mjini, na nauli hupanda. Nililipa bei hiyo miaka miwili bila kujua kwamba nalipia mavuno ya Kurigram.

Uzito wa safari hiyo ya kwanza mjini umepimwa. Mwaka 2008 wanauchumi Bryan, Chowdhury na Mobarak walizipa kaya maskini za ukanda wa Rangpur, ilipo Kurigram, taka 600 hivi, kiasi cha nauli ya basi kwenda na kurudi, kwa sharti kwamba mtu mmoja aende kutafuta kazi wakati wa monga. Takriban kaya 22 katika kila 100 zilituma mtu ambaye bila hivyo asingekwenda, na wengi wa wanaume hao waliishia kwenye riksho na vibarua vya mjini. Matumizi ya familia zao, chakula hasa, yalipanda kwa karibu theluthi, na mwaka uliofuata wengi walisafiri tena bila kupewa chochote. Sipendi kuficha upande wa pili: mpango huo ulipopanuliwa kwa maelfu ya kaya baadaye, matokeo hayakujirudia, na mwaka 2019 ukafungwa. Lakini kile kilichoonekana 2008 hakifutiki. Kati ya kaya inayoshinda njaa na kaya inayokula, kilichokuwa kinakosekana kilikuwa nauli ya basi na kiti cha riksho upande wa pili.

Ndiyo maana huwa naudhika riksho zinapotajwa kama kero tu ya mji. Zifuate zile 310 zake uone zinavyotembea. Jama inamlipa mwenye gereji, mlinzi wake na fundi. Pancha inamlipa kijana mwenye pampu kwenye kona. Fremu, kofia, spoku na matairi vinaweka mkate kwenye maduka ya Bangshal, Dhaka ya zamani. Yule aliyechora tausi na msikiti mgongoni mwa riksho amelipwa pia. Sanaa hiyo pamoja na riksho zenyewe UNESCO iliziingiza kwenye orodha yake ya urithi usioshikika Desemba 2023, katika kikao kilichofanyika Kasane, Botswana. Mpishi wa gereji, muuza chai, mwenye duka la simu kijijini, mkopeshaji. Na sijahesabu waliobebwa: mtoto wa shule, mama asiyetaka kubanwa ndani ya basi, mgonjwa anayekaa kwenye kichochoro ambamo gari haliwezi kuingia. Yote hayo bila tone la mafuta ya kuagizwa nje.

Mafuta yanayochomwa ni mwili. Sharifa Begum na Binayak Sen, waliochunguza maisha ya waendesha riksho wa Dhaka miaka ya mwanzo ya 2000, walionyesha kwamba kazi hii humwinua maskini wa kijijini mwanzoni, lakini kadiri miaka inavyokwenda maradhi hula kile alichojenga. Nikimtazama yule mjomba akikanda goti lake kwa kidole gumba, sikuhitaji kusomewa.

Kwa sababu ya mwili huo, riksho za betri zilipokuja zilionekana kama rehema, na kwa goti la mtu kweli ni rehema. Lakini zilikuja na jama yao, mara tatu na zaidi ya ile ya pedeli, na hatari ya barabarani iliyoongezeka pamoja na mwendo. Mei 2024 serikali ilitangaza kuzizuia Dhaka, kisha ikarudi nyuma baada ya siku chache. Novemba 19 mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamuru ziondolewe barabarani ndani ya siku tatu. Waendeshaji wakafunga barabara na reli, na kabla wiki haijaisha mahakama ya rufaa ikasimamisha amri. Kila mara ni amri juu ya chombo. Katika amri hizo sijaona hata moja iliyosema kwamba siku ambazo chombo kimezuiwa, jama isidaiwe.

Ningekuwa na sauti, ningeanzia hapo, kabla ya orodha yoyote ya nauli. Zamu iliyokatishwa na mafuriko au na askari ilipiwe nusu jama. Kibali kiandikwe kwa jina la anayeendesha, asimame nacho mbele ya askari na mbele ya tajiri. Na anayetaka kununua riksho yake alipe kwa awamu zisizozidi jama anayoilipa sasa, kwa sababu kwa miaka yake yote barabarani mjomba yule alikuwa ameshalipa bei ya riksho nyingi, na hakuwa na hata gurudumu moja.

Nilimwuliza kama tajiri wake humpunguzia siku za maji. Alielewa swali mara ya pili, nadhani mara ya kwanza alidhani nimekosea lugha. “Mvua ni yangu,” akasema.

Ilipopungua, alisimama, akakamua taulo, akatazama saa ya muuza chai. Zilibaki kama saa mbili na nusu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na kapu la samaki alikuwa ameshasogea, akauliza Azimpur ngapi. Akataja bei, mama akataja yake, na wakati wakiendelea kuvutana yeye alikuwa tayari anafuta kiti kwa lile taulo, ili mtoto asikae kwenye maji.